Sentensi ya Arobaini na Moja

Redio alikuwa amefumba mdomo kabisa, anapita uani kwa mama yake na mfuko wa sabuni mkononi, aliposikia sauti yake mwenyewe ikizungumza jikoni.

Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma mabati, na hakuwa mtu wa kuota akitembea. Akasimama. Sauti ile ilikuwa yake, hata kale kapumzi anakokavuta kabla ya neno zito kalikuwa kake. Ilisema polepole, kwa upole wa mtu anayemkanda mgonjwa: "Mimi nimeugua presha miaka saba. Nilikuwa nikipanda ngazi tatu, napumzika. Vidonge nimeacha, na sijuti."

Redio hakuwahi kuugua presha hata siku moja. Mwenye presha alikuwa mama yake.

Jina la Redio alipewa nyumbani akiwa darasa la pili, kwa sababu alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa: karatasi iliyofungia sukari, kibao cha duka, maelezo ya sumu ya panya. Kaka yake, ambaye siku hizi ni fundi wa majokofu, alikuwa akimlalamikia, "We Redio, hebu jizime tupumue." Akakua, akapata stashahada yake, akakaa mapokezi katika kampuni moja ya bima mpaka ilipofungwa. Ndipo akaamua kuuza sauti yake, kitu ambacho, kwa hesabu yake, hakuna mwajiri angeweza kumnyang'anya. Akajiunga na soko la mtandaoni, lile ambalo mtu huweka picha yake, ujuzi wake na bei yake, kisha hukaa kusubiri mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, ambonyeze.

Wanaoisifu kazi hiyo huisifia uhuru. Uhuru huo Redio aliuonja. Alituma maombi sitini na tatu kabla ya kupata kazi ya kwanza. Mteja mmoja alimwomba asome kipande cha majaribio bila malipo, akashukuru, akatoweka. Miezi miwili baadaye Redio alikikuta kipande hicho hicho kikitangaza magodoro. Mwingine alimrudishia kazi mara saba. "Ongeza tabasamu." Akaongeza. "Limezidi." Akapunguza. "Lile la kwanza lilikuwa zuri, unalo bado?" Akishusha bei, kulikuwa na mwenzake upande wa pili wa dunia aliyeshusha zaidi, na chini ya huyo kulikuwa na mashine inayosoma bila kula wala kulala.

Lakini kilichomtawala hasa ni nyota. Kazi ikiisha, mteja hutoa nyota, moja hadi tano. Nyota nne, ambazo mtu mwenye akili zake angezipokea kwa shukrani, huko ni msiba. Aliwahi kupewa nne na mtu aliyeandika, "Kazi safi sana, ubarikiwe," na kwa wiki tatu jina lake likazama kwenye kurasa ambazo hakuna anayefika. Tangu siku hiyo akajifunza adabu mpya: usiulize sana. Anayeuliza huchelewa, na anayechelewa hapati nyota. Adabu hiyo aliiita weledi. Mimi nitaiita kwa jina lake: ulikuwa woga uliovaa tai.

Studio yake ilikuwa kabati la nguo. Saa nne asubuhi, watoto wa jirani wakiwa shuleni na seremala wa ghorofa ya chini akiwa amekwenda chai, alifungua milango miwili ya kabati, akaingiza nusu ya mwili katikati ya magauni na makoti, akajifunika blanketi, akawasha maikrofoni. Huko ndani mwangwi ulikufa na sauti ikatoka safi. Kaka yake alimkuta hivyo mara moja, makalio nje, kichwa gizani.

"Tumekusomesha," alisema, "ili ukafanye kazi kabatini kama mende?"

"Mende anayelipa kodi ya nyumba," akajibu Redio kutoka ndani.

Miezi mitatu kabla ya mchana ule wa jikoni, alipata mteja ambaye picha yake ilikuwa ua la alizeti. Alisema ana mradi wa afya. Alileta sentensi sitini ndani ya jedwali, zimepewa namba, zimevurugwa kama karata. Ya tatu ilihusu ngazi. Ya kumi na saba ilikuwa "Asante sana." Ya ishirini na mbili: "Jirani akaniuliza, mbona unang'aa hivyo?" Alitaka kila moja isomwe peke yake, kwenye faili lake, ili aje kuzipanga mwenyewe. Maelekezo yalikuwa mstari mmoja: soma kama unazungumza na mama yako mzazi.

Redio akafumba macho kabatini, akamweka mama yake mbele yake, akamsomea.

Alipofika sentensi ya arobaini na moja, akasimama. "Vidonge nimeacha, na sijuti." Akatoka kwenye blanketi, jasho likimtiririka. Alijua vidonge ni nini. Alijua nani anavimeza kila asubuhi. Akamwandikia mteja: "Samahani, sentensi hii inahusu vidonge gani?" Akalitazama swali kabla ya kulituma. Zilibaki dakika arobaini kabla ya muda wa kukabidhi, na Alizeti alikuwa ameahidi kazi nyingine tisa. Akalifuta swali, herufi moja baada ya nyingine, akarudi kabatini. Aliisoma sentensi ile mara tatu, akachagua ile ya tatu, ambayo ilikuwa na pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Alipewa nyota tano. Alizeti aliandika: "Sauti yake inaaminika."

Sasa sauti hiyo ilikuwa jikoni kwa mama yake. Redio akaingia. Mama, mjane wa miaka sitini na saba aliyewahi kuwa mpishi wa shule, alikuwa kwenye kigoda akichambua mchele, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi. Hakusoma zaidi ya kuandika jina lake. Kila ujumbe wa simu yake ulikuwa wa kusikiliza.

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nakusikiliza."

"Unanisikiliza mimi?"

"Sasa nani? Kila siku nakusikiliza kwanza, ndiyo nanywa matone yangu."

Rafuni, karibu na viberiti, kulikuwa na vichupa vitatu vyeusi vyenye picha ya jani. Kimoja kilikuwa kitupu.

"Mama. Vidonge vya kliniki viko wapi?"

"Nimeacha," alisema mama, "na sijuti." Akacheka. Alikuwa ameisema kwa pumzi ile ile, mahali pale pale, kama mtu aliyeukariri wimbo.

Redio aliweka mfuko wa sabuni chini. Akakaa sakafuni, juu ya punje za mchele.

"Tangu lini?"

"Wiki ya sita hii. Mama Cherehani wa jirani ndiye aliyenitumia. Alinipigia usiku huo huo, 'Shoga, sikiliza, mwanao huyo anasema.' Nikasikiliza, nikalia." Na kweli macho yakamjaa tena. "Miaka saba, mwanangu! Miaka saba unaumwa ugonjwa wangu, unakuja hapa unanifulia, unanichekea, husemi. Nikasema basi, ameona haya kuniambia usoni, ndiyo maana amepitisha kwa watu."

"Mama, mimi siumwi."

"Usinifiche tena, nimeshajua."

"Siumwi, mama! Nilisoma tu. Kuna mtu aliniandikia, nikasoma, akanilipa."

Mama aliacha ungo. "Nani anamlipa mtu aseme anaumwa?"

Katika miaka minne ya kuuza sauti Redio alikuwa amejibu wateja mia mbili na zaidi, tena ndani ya saa moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali kama hilo la mpishi wa shule.

"Tena unanidanganya vibaya," mama aliendelea. "Ukisoma mimi nakujua. Umenisomea masikioni tangu una meno ya utoto. Ile haikuwa sauti ya kusoma. Ile ulikuwa unaniambia mimi."

Kaka mtu alipigiwa simu, akaja na ovaroli lake la kazi. Wakamchukua mama mpaka duka la dawa la kona, kwa hoja kwamba wanapima bure. Msichana wa dukani akapima mkono wa kushoto, akakunja uso, akapima wa kulia.

"Bibi, umekuja kwa miguu?"

"Kwani nilitakiwa nije na mbawa?"

Kwenye kioo palisomeka mia moja tisini na nne, na chini yake mia moja kumi na mbili. Kaka akavua kofia, kama watu wanavyovua mbele ya jeneza.

"Mashine mbovu," alisema mama. Vidonge alivyonunuliwa pale pale alivikataa. Akamgeukia binti yake mbele ya kaunta, bila kupandisha sauti. "Kwanza unijibu. Uliongopa kule, au unaongopa hapa? Maana sauti ni ile ile."

"Mama," kaka akaingilia, "huyu ni Redio bwana. Redio husema inachowekewa."

Mama akafunga kitenge chake vizuri, akarudi nyumbani kwa mwendo wake wa polepole, wanawe nyuma, na jioni hiyo alikunywa matone.

Redio alimwandikia Alizeti. Aliandika kwamba sauti yake inatumika kuwaachisha watu dawa, kwamba mama yake mzazi ni mmoja wao, kwamba anaomba iondolewe leo. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi, lina kisura kinachotabasamu. "Pole kwa mama. Haki zote za sauti ulituuzia, angalia makubaliano. Wewe ni sauti, si daktari. Ukitangaza kazi ya mteja, soko litakufungia. Hata hivyo tuna sentensi nyingine themanini za ugonjwa wa sukari, tunakupenda wewe kwanza."

Alilisoma mara mbili. Mtu huyo hakuona aibu wala hakuogopa. Alikuwa analeta kazi. Akalishitakia soko lenyewe, na soko likamjibu kwa maneno yaliyopangwa na mashine kwamba limechunguza na halikuona kanuni iliyovunjwa, na kwamba maoni yake ni muhimu, je, angependa kuipa huduma hiyo nyota ngapi?

Kila asubuhi alikwenda kwa mama, akaomba, akalia, akapiga magoti. Mama alimpikia, akamwombea dua kwa ajili ya presha yake ya miaka saba, na vidonge akaviacha mezani. Siku ya tano mkono wa mama ulitetemeka akishika kikombe. Kaka akapata hila: siku ya Jumanne, siku ya kliniki ya presha, wampeleke akawaonyeshe wauguzi jinsi matone yalivyomponya. Mama akakubali kwa furaha, akavaa gauni lake la safari.

Ukumbi wa kliniki ulikuwa na mabenchi sita na watu kama arobaini, wengi wazee, kila mmoja na daftari lake la rangi ya kijivu. Redio alimwacha mama na kaka benchi la mbele, akaingia chumba cha kupimia. Nesi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akiandika bila kuinua kichwa.

"Nimemleta mama yangu. Ameacha vidonge wiki sita, anakunywa matone."

"Yale ya jani?"

"Ndiyo."

"Huyo wa tisa mwezi huu." Nesi alifungua ukurasa. "Wawili waliletwa wamebebwa. Mke wa dobi wa nyuma ya soko, mkono wa kulia hauinuki tena, na mdomo umekwenda upande. Mwanamke wa miaka arobaini na nane. Hiyo dawa si kitu, ni maji na rangi. Kinachoua ni ile sauti. Mungu angenipa siku moja nimtie mkononi huyo mwanamke..."

"Naomba umpime mama yangu kwanza, tafadhali," alisema Redio, na kabla ya neno la mwisho akavuta kale kapumzi kake.

Kalamu ikasimama. Nesi aliinua uso taratibu, akavua miwani.

"Sema tena."

Redio alishika ukingo wa meza.

"Sema tena hilo la 'tafadhali.'"

"Tafadhali," alisema Redio, na machozi yakamdondoka kwenye daftari la mtu asiyemjua.

Mtu akipigwa na jambo, mara nyingi hutegemea hasira ya mwenzake imsaidie. Nesi hakumpa hasira. Alimwangalia tu, kama anavyoangaliwa mtu aliyefika akiwa amechelewa sana. Kisha akanyoosha kidole mlangoni. "Nenda ukawaambie wenyewe."

Redio akasimama mbele ya mabenchi. Alipanga kusema maneno mengi, akaweza machache: "Mimi ndiye yule wa kwenye simu. Yale matone sijawahi kuyanywa. Siumwi presha. Niliandikiwa."

Halafu mzee mwenye fimbo, benchi la tatu, akatoa kicheko cha furaha. "Ni yeye! Sikilizeni, ni yeye hasa!" Mtu akapiga makofi. Wanawake wawili wakainuka wakamshika mikono, mmoja akiuliza kama ngazi sasa anapanda bila kupumzika. Mzee akajikokota mpaka mbele. "Binti, huku kwetu yameisha. Yanapatikana wapi?"

"Baba, nimesema ni uongo."

"Tumesikia. Wamekulipa shilingi ngapi hawa wa kliniki useme hivyo?"

Hapo Redio alishikwa na bumbuwazi ambalo hata jikoni hakulipata. Alikuwa ametumia akili yake yote, na uzuri wote aliopewa na Mungu, kuufanya uongo usadikike. Na sasa kwa koo lile lile alikuwa akiwapa watu kweli, nao wanaitema. Hakuna soko lililomfanyia hivyo. Swali lilikuwa kwenye vidole vyake siku ile, akalifuta mwenyewe.

Mama alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akiinuka. Alishika bega la kaka, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watoto mia nne wenye njaa.

"Mwacheni."

Wakamwacha.

"Huyu nimemzaa mimi. Siku ya kuzaliwa kwake mvua ilinyesha ndani, bati lilikuwa limetoboka. Hana presha. Aliandikiwa uongo, akausoma, akalipwa. Mimi nilikataa kuamini, maana mama gani anataka kuamini hilo?" Akapumzika, kifua kikipanda. "Lakini nimemtazama sasa hivi. Huyu tangu mtoto akisema kweli hutetemeka midomo. Kwenye simu midomo sikuiona."

Akaomba maji. Nesi mwenyewe ndiye aliyeleta kikombe na vidonge viwili. Mama akavimeza mbele ya watu wote, kimoja kimoja, akafungua kinywa kama mtoto aonekane hakuficha kitu. Wazee watano wakainuka wakaja mezani kwa nesi, vichupa mkononi, hawataki kutazamana. Wengine walibaki wamekaa. Mzee wa fimbo alitoka nje akinung'unika, na Redio alimkimbilia mpaka getini, akamshika mkono, akamsihi, bila kufaulu.

Adhuhuri hiyo aliweka maneno matatu juu ya ukurasa wake wa sokoni, juu ya nyota zote: "Sauti hii ilidanganya." Chini yake akaeleza matone na vidonge. Akaunti ilifungwa kabla ya jua kuchwa, kwa kosa la kutoa siri ya mteja. Miaka minne ikawa ukurasa mweupe. Sauti ile nyingine haikufungwa. Ilikuwa bado inatembea kwenye simu za watu.

Presha ya mama ilishuka polepole, wiki ya tatu ndipo nesi alipotikisa kichwa kwa kuridhika. Na wiki hizo zote mama hakumsemesha binti yake zaidi ya salamu. Alikula alicholetewa, akameza alichopewa. Siku waliyorudi na habari njema, akiwa anavua viatu, ndipo aliponena.

"Mimi nimepona. Mke wa dobi je?"

"Nimemwombea, mama."

"Sikukuuliza kuhusu Mungu. Umekwenda?"

"Sijakwenda."

"Alikusikia akakuamini. Nenda na mdomo wako, akusikie tena. Akikutukana, kaa. Akikufukuza, rudi kesho. Akihitaji mtu wa kumfulia, una mikono."

Nyumba ya dobi ilikuwa nyuma ya soko la mboga, mlango wa bluu, kamba za nguo zimevuka ua kutoka ukuta hadi ukuta. Mashuka ya watu yalikuwa yamening'inia yakichuruzika. Ndani mtu alikuwa anaongea, mwanamume, kwa uvumilivu, kama anayemlisha mtu kijiko kwa kijiko. Redio alisimama uani mpaka unyayo wake ukalowa maji ya mashuka. Mlangoni kwa watu hapaingiwi kimya. Lazima mtu atoe sauti, na yeye alikuwa na moja tu.

"Hodi," alisema.

Ndani, kijiko kilianguka sakafuni.